Sekunde 15 za Kuku: Daftari la Safari ya Japani

Siku ya 1, Jumamosi

Dar, Doha, Narita. Nimefika usiku, miguu imevimba na masikio bado yana ngurumo ya ndege. Dada alinipokea na koti la shemeji mkononi, maana lile nililolinunua Kariakoo alilishika kwa vidole viwili, akacheka hadi akaegemea toroli. Ni binti wa mama mkubwa, lakini kwetu Tanga huyo ni dada, basi.

Jambo la kwanza nililoliandika humu ni la saa. Japani imetutangulia kwa saa 6. Dar ikiwa saa moja asubuhi, hapa saa ya ukutani inasoma 1 ya mchana. Yaani saa ninayoitaja kwa Kiswahili nyumbani ndiyo hiyohiyo inayosomeka ukutani Tokyo. Niliwaeleza ndani ya treni. Dada ameishi huku miaka tisa na hakuwahi kuliona hilo. Shemeji, Mjapani wa Nagoya aliyejifunza Kiswahili akifundisha hisabati Korogwe, alihesabu kwa vidole, kisha akanyamaza vituo viwili vizima.

Kilichonileta ni kazi. Natengeneza jingo za redio, zile nyimbo fupi za matangazo. Studio yangu ni chumba kimoja Kinondoni, magodoro ukutani, na wateja wangu ni wauza chipsi, wenye bucha na saluni. Mteja wa chipsi akilipia sekunde 30 anataka zijae pomoni: jina la duka mara nne, namba ya simu mara tatu, biti isiyopumua, na mtu wa kupiga kelele "usikose!" mwishoni. Mwaka jana dada alinitumia sauti ya binti yake akiimba tangazo la kuku wa kukaanga. Niliisikiliza mara ishirini. Jina la duka halikutajwa hata mara moja, na mtoto yule angekutajia duka lenyewe, barabara na kona yake.

Siku ya 2, Jumapili

"Shikamoo mjomba."

Mpwa wangu ana miaka saba, na leo nimemfanya mwalimu. Tumekaa mbele ya TV tangu asubuhi, mimi na daftari na saa ya kupimia, yeye na sahani ya machungwa. NHK, shirika la utangazaji la umma, tumeiruka, ile haina matangazo ya biashara.

Karibu kila tangazo ni sekunde 15. Machache ni 30. Wakati kwetu tangazo moja bado linakusalimia, hapa yameshapita mawili na la tatu linaaga. Tangazo la baga: gitaa moja, mtu anauma, muziki unakatwa kama kwa kisu, *kacha!* ya saladi inasikika peke yake, gitaa linarudi, kwisha. Niliandika: "Wamelipia sekunde, halafu wamewaachia saladi." Tangazo la wali na nyama ya ng'ombe: mvuke, sauti ya kijiti kikigusa bakuli, kinanda kwa mbali.

Shemeji alipita na kikombe chake akaniambia watu wa matangazo wana neno lao, *shizuru*. Wamelitohoa kutoka Kiingereza, kutokana na ule mlio wa nyama inayochachatika juu ya chuma cha moto. Siku hizi linabeba kila kinachomfanya mtazamaji ameze mate: jibini inayovutika, jasho la glasi, ganda la kuku linalovunjika. Mwanamuziki anayepewa kazi ya chakula anajua tangu mwanzo kwamba biti yake itapisha njia.

Mpwa alibuni mchezo. Unafumba macho, unasikiliza, unataja bidhaa. Mimi nilikosa yote; gari nililiita supu. Yeye alipata kila moja kabla sijahesabu tatu. Mlio mmoja, *tirori, tirori*, ulimfanya aruke juu ya kochi. Huo ni mlio wa mashine ya chipsi ya McDonald's ya hapa unaomwambia mhudumu kwamba viazi vimeiva. Watoto wanauimba kama wa kwetu wanavyouigiza mlio wa baiskeli ya lambalamba.

Kwenye pembe ya skrini mara nyingi kuna maandishi madogo mno: jina la mwimbaji na la wimbo wake. Hiyo wanaiita *taiappu*. Msanii anatoa wimbo mpya, tangazo linaubeba nyumba hadi nyumba, na wote wawili wanavuna. Nilimfikiria prodyuza mwenzangu wa Sinza ambaye bado analipwa kwa kuku wawili na ahadi.

Siku ya 3, Jumatatu

Ginza. Baridi inauma masikio, na masikio ndiyo niliyokuja nayo.

Tulisimama mbele ya duka kubwa la Mitsukoshi. Hapo chini, tarehe 20 Julai 1971, McDonald's ya kwanza ya Japani ilifunguliwa, baga moja ikiuzwa yeni 80. Mkahawa wenyewe haupo tena hapo. Aliyeuleta ni mfanyabiashara Den Fujita, na sehemu ya hadithi yake inayonihusu mimi ni ya jina. Fujita alitaka litamkwe Kijapani, silabi tatu na tatu: ma-ku-do, na-ru-do. Liseme kwa sauti uone. Hilo ni jingo tayari. Kila silabi inaishia na irabu, kila irabu inakalia noti, hakuna konsonanti inayoning'inia nje ya biti kama mguu wa abiria wa daladala. Mswahili angelitamka karibu vivyo hivyo bila kufundishwa. Hata yule mchekeshaji wao mwenye viatu vyekundu, anayejulikana Marekani kama Ronald, huku anaitwa Donarudo, ili litamkike kirahisi.

Dada, ambaye hali nyama asiyojua mchinjaji wake, aliniruhusu niingie kwenye mgahawa wa jirani kusikiliza tu. Nikanunua chai ili nisionekane mwizi. Kwenye orodha ya bei za McDonald's ya hapa, tabasamu limewahi kuandikwa kama bidhaa: yeni 0. Mwaka 2023, walipotafuta wafanyakazi wapya, walimpa mwimbaji aitwaye ano wimbo wa tangazo ambamo mhudumu anasema tabasamu hatoi. Nimecheka peke yangu mezani. Ukimpelekea mteja wa Kinondoni wazo kama hilo anakudai pesa yake ya awali.

Siku ya 4, Jumanne

Hii ndiyo siku niliyoipandia ndege.

Shiodome, ndani ya jengo la Caretta, kuna jumba la makumbusho ya matangazo liitwalo Ad Museum Tokyo. Lilifunguliwa mwaka 2002, kuingia ni bure. Unaanza na picha zilizochapwa kwa mbao za enzi za kale za Edo, waigizaji wa kabuki, tamthilia yao ya jadi, wakinadi vipodozi na dawa za meno, kisha unateremka na miaka hadi kwenye skrini na vipokea sauti vya kichwani. Nilikaa humo saa nne na nusu. Mlinzi alianza kuniitikia kwa kichwa kama jirani.

Tangazo la kwanza la TV hapa lilirushwa tarehe 28 Agosti 1953 na Nippon Television. Lilikuwa la saa za Seiko, la kutangaza saa sita mchana, na filamu ilipakiwa kinyume, sauti haikutoka. Nililipenda tangazo hilo kuliko yote. Fundi mitambo wa siku ile, popote alipo, namwombea dua, kwa kuwa mimi nimewahi kurusha jingo la bucha juu ya taarifa ya msiba.

Lakini kitu nilichorudi nacho ni cha kihesabu. Nilimweleza shemeji jioni kwamba matangazo ya zamani niliyoyapima yanaanza kimya kidogo na kuishia kimya kidogo. Akaniambia siyo bahati. Tangazo la sekunde 15 linakabidhiwa kituoni likiwa na nusu sekunde isiyo na sauti mwanzoni na nusu nyingine mwishoni, ili yakipangwa mfululizo yasikanyagane. Zinabaki 14. Akavuta karatasi ya kufungia maandazi. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, sekunde moja ina mapigo mawili, 14 zina 28, na ukigawa kwa nne unapata mizani saba kamili, yaani mafungu saba ya mapigo manne manne. Saba! Wanamuziki tunapenda nane. Nane inafunga mlango, saba inauacha wazi kidogo. Sijui kama watunzi wao wanalifikiria hivyo, pengine wanabadilisha mwendo tu hadi itoshee, ila mimi nililala nikihesabu saba.

Na kingine, cha masikio tupu: tangazo halikupigii kelele kupita kipindi. Tangu Oktoba 2012 vituo vya biashara vya hapa vina kipimo kimoja cha ukubwa wa sauti kwa vipindi na matangazo. Kwetu, tangazo la godoro linamwamsha aliyelala juu ya godoro.

Siku ya 5, Jumatano

Mvua. Yokohama, maktaba ya vipindi vya redio na TV karibu na kituo cha Nihon-odori. Nayo bure. Soksi zimelowa, sikukaa.

Nililoandika: redio za biashara zilianza Septemba 1951, na mwezi huohuo ukasikika wimbo unaotajwa kuwa wa kwanza wa tangazo, uliotungwa na Miki Toriro kwa ajili ya kampuni ya filamu za kamera. Unamwimba mpiga picha wa ridhaa anayeharibu kila picha. Jina la kampuni halimo. Mwaka 1951! Kumbe mtoto wa dada ameingia kwenye mila ya zamani kumzidi babu yake.

Siku ya 6, Alhamisi

Shinkansen, ile treni ya kasi, kutoka Shin-Yokohama kwenda Osaka, mimi na shemeji. Dada ametufungia wali wa nazi na samaki kwenye kopo, na tuliufungua kwa adabu, kidogo kidogo, kama watu wanaoficha siri.

Treni ilipokaribia Nagoya, shemeji alianza kuzungumza bila kuulizwa. Hapo kwao ndipo KFC ya kwanza ya kudumu nchini ilipofunguliwa, Novemba 1970, baada ya banda la majaribio kwenye maonesho ya dunia ya Osaka mwaka huohuo. Mwaka 1974 kampuni ikaanza kampeni ya nchi nzima ya kula kuku wake Krismasi. Wakristo huku ni wachache, tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi, bata mzinga hapatikani kirahisi. Nafasi ilikuwa tupu, kuku akaikalia.

Utotoni mwake, alisema, matangazo ya kuku yule yaliimba "My Old Kentucky Home", wimbo wa Stephen Foster wa mwaka 1853, ambaye nyimbo zake Wajapani wanafundishwa shuleni. Mtoto wa Nagoya akakua akiiwaza Kentucky, ile K ya KFC, kama kijiji cha bibi yake. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja ule wa Mariya Takeuchi, "Suteki na Holiday", unaofungua kwa kusema Krismasi inakuja na mwaka huu pia. Huo ndio niliotumiwa kwa simu.

"Na mumewe," shemeji akaongeza, akionyesha kiti cha treni tulichokalia, "yuko huku."

Mume wa Takeuchi ni Tatsuro Yamashita. Wimbo wake "Christmas Eve" ulitoka mwaka 1983, na miaka mitano baadaye kampuni ya reli ya treni hizihizi ikautia kwenye matangazo yake ya Krismasi: wapenzi wanaosubiriana stesheni, la mwaka 1989 likipigwa picha hapo Nagoya. Desemba ya mwaka huo wimbo ukapanda hadi namba moja, ukiwa na umri wa miaka sita. Nyumba moja, mke ana Krismasi ya kuku, mume ana Krismasi ya treni. Nilimwuliza shemeji kama anaona ni uchoyo.

"Wimbo ule haukuambii ununue," alisema. "Unakuambia ni lini. Sisi tunasikia kwanza, halafu tunatazama kalenda."

Akanihesabia mwaka mzima. Vuli, baga ya *tsukimi* yenye yai la mviringo, kwa ajili ya kutazama mwezi mpevu. McDonald's wanaiuza tangu 1991. Baridi ikianza, *gurakoro*, baga ya krokete, donge la kukaanga la sosi nzito ya maziwa na kamba, tangu 1993. Desemba, kuku. Kila moja inarudi na muziki wake, na mtu hata asiponunua anashtuka: haa, mwaka umekwisha. Nikamwambia kwetu kazi hiyo inafanywa na kaswida za kuukaribisha Ramadhani, zikianza redioni unajua bei ya tende imepanda. Akalitafakari. Akasema ndiyo, ila hizo haziuzi paja.

Osaka usiku, mfereji wa Dotonbori, taa nyingi mno. Mwaka 1985 mashabiki wa timu ya besiboli ya Hanshin Tigers, kwa furaha ya ushindi, waliitupa majini sanamu ya Kanali Sanders, mzee wa nembo ya KFC, kwa sababu ilifanana, kwa mbali sana, na mchezaji wao Randy Bass. Ilikaa kwenye matope hadi Machi 2009. Niliyatazama maji yale nikaona bora kuku wa Kinondoni, hana historia.

Siku ya 7, Ijumaa

Osaka wanasema *Makudo* badala ya *Makku* ya Tokyo, na shemeji, aliyekosea mara moja, alisahihishwa na mzee wa duka la viatu.

Mbele ya mkahawa wa Kani Doraku kuna kaa mkubwa anayechezesha miguu ukutani. Wimbo wake, *toretore pichipichi*, mtu wa Kansai, eneo hili la Osaka, anaujua kabla ya kujua kufunga kamba. Siyo mgahawa wa haraka, bei yake inataka moyo, lakini mtunzi ni lazima aingie kwenye daftari hili: Kida Taro, aliyefariki Mei 2024 akiwa na miaka 93. Watu wa Osaka walimwita Mozart wa Naniwa, jina la kale la mji wao. Ndiye pia aliyetunga wa tambi za Demae Iccho. Nilisimama chini ya kaa hadi nikausikia mara tano. Sauti zinapanda kama watu wanaoinua kitu kizito kwa pamoja, kisha zinakiachia. Sikuweza kuutoa kichwani hadi swala ya isha.

Wana na tangazo jingine, la maandazi ya mvuke ya 551 Horai. Ndani yake ni nguruwe, kwa hiyo nilibaki na sauti tu. Muundo wake ni huu: "551 ikiwepo!" familia inalipuka kwa kicheko. "Isipokuwepo..." wote wananywea, kimya. Ni hivyo tu, kicheko na kimya. Mimi ningeongeza ngoma, na ningeliua.

Mchana, kwenye mtaa mrefu wenye paa wa Tenjinbashisuji, tulikutana na *chindonya*. Watu watatu, nyuso nyeupe kwa poda: mmoja na ngoma na upatu vilivyofungwa kifuani, mmoja na klarineti, mmoja akigawa karatasi za mgahawa mpya wa tambi. Upatu ndiyo *chin*, ngoma ndiyo *don*. Kazi hii asili yake ni Osaka, katikati ya karne ya 19, kwa muuza peremende aliyeitwa Amekatsu, mwenye sauti iliyojaa mtaa mzima, hata wengine wakamwajiri awanadie biashara zao. Na wauza rameni, tambi za supu, wa usiku walikuwa na *charumera*, ambayo ukiisikia tu, Mtanga wewe, unageuka kumtafuta bwana harusi. Ni zumari. Jina limetoka kwa Wareno, ila mlio ni ule wa kwetu. Niliwafuata wale watatu hadi mwisho wa paa huku shemeji akinifuata kwa mbali, kama mtu asiyenijua.

Niliwaza wauza kahawa wa Tanga wanaogonganisha vikombe. Hakuna anayetaja kahawa. Ukisikia *kling-kling*, unapekua mfuko.

Siku ya 8 hadi ya 10

Nimerudi, mafua. Siku mbili za blanketi na tangawizi. Mpwa amenifundisha wimbo wote, mimi nimemfundisha "Ukuti ukuti". Ameuliza ni tangazo la nini.

Jumatatu tulikwenda Shin-Okubo, kwenye uchochoro wenye maduka ya Wabangladeshi na Wapakistani, dada akanunua kuku wawili wa kuchinjwa, bizari, na pilipili za kutosha kijiji. Alisema ni za kesho. Nilimwuliza kesho kuna nini. "Hakuna kitu," alisema. "Kuku tu."

Siku ya 11, Jumanne, 24 Desemba

Alasiri shemeji alinipeleka kuona foleni. Kanali amevalishwa nguo nyekundu za Santa, ndevu anazo mwenyewe. Watu wamejipanga hadi kona, mkononi wana karatasi za oda walizoweka wiki kadhaa kabla, hakuna anayesukuma. Tulisimama pembeni dakika kumi na kitu. Kabla hajasilimu, alisema, alikuwa akitumwa na mama yake kusimama kwenye foleni kama hii, na alikuwa akila ganda la kipande kimoja njiani kisha analigeuza lisionekane. Hakusema zaidi. Nilinasa sauti ya mlango ukifunguka na kufunga.

Nyumbani dada alikuwa ameshawasha jiko. Kuku wamelala kwenye ndimu na kitunguu saumu tangu asubuhi. Mpwa amekaa juu ya stuli, anaimba Krismasi inakuja na mwaka huu pia, na mama yake, mikono imejaa unga, anaitikia sauti ya pili bila kujua kwamba anaitikia.

"Dada, hii siyo sikukuu yetu."

"Nani kasema sikukuu? Kuku hapikwi?"

Niliweka kinasa sauti juu ya jokofu. Kipande cha kwanza kiliingia kwenye mafuta, *chwaaa*, na mpwa akanyamaza kidogo kukisikiliza, kisha akaendelea pale alipoachia. Nilitaka kumwambia arudie ili nipate ile nusu sekunde safi ya mwanzo, lakini dada alikuwa ameshaninyooshea sahani.

"Acha hicho kidude. Paja au kidari?"